Binti Yeftha na kelele za wanakwaya wangu

Kila redio inaporusha *Jephtha*, oratorio ya mtunzi wa muziki Handel (oratorio ni kisa kirefu kinachoimbwa na waimbaji na kwaya, kwa vyombo), simu yangu haipumui. "Shikamoo Mwalimu, umesikia? Wazungu wamechakachua Biblia, binti hakufa!" Kisa ni kile cha Yeftha katika Biblia: aliweka nadhiri kwamba akishinda vita, atakayetoka mlangoni kwake kumlaki atamtoa kwa Bwana, akatoka binti yake. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Dhana: oratorio ni Biblia iliyotiwa noti, kwa hiyo ukigusa neno umekufuru.

Si kweli. Oratorio ina mtunzi wa maneno kama ilivyo na mtunzi wa muziki, na hapa maneno ni ya Thomas Morell, kasisi wa Kianglikana. Katika Waamuzi 11 binti hana jina. Morell kamwita Iphis, akampa mama, Storgè, na mchumba, Hamor. Ajabu, hakuna aliyewahi kunipigia kumlalamikia mama! Wote mnamlalamikia malaika, anayeshuka mwishoni na kusema binti asichinjwe, atengwe awe wa Mungu, bikira maisha yake yote. Hilo nalo Morell hakuliota. Wafafanuzi wa Kiyahudi wa zama za kati walishaisoma nadhiri ile hivyo: pale tunaposoma kwamba atakayetoka mlangoni atakuwa wa Bwana "na" atateketezwa, wao walisoma "au". Neno moja tu, binti akapona. Unaweza kukataa usomaji huo, mimi mwenyewe unanisumbua, lakini usiuite uchakachuaji. Na anayetaka kilio bila malaika atafute *Jephte* ya Carissimi, mtunzi Mwitaliano, iliyotungwa Roma kabla ya 1650. Ile inaishia kwenye maombolezo, basi.

Mkibishana na malaika mnaipita korasi inayofunga sehemu ya pili, ile inayolia jinsi hukumu za Mungu zilivyo giza. Hapo ndipo Handel alipokwama. Tarehe 13 Februari 1751 aliandika kwa Kijerumani kwenye karatasi ya noti kwamba hawezi kuendelea kwa sababu ya jicho lake la kushoto. Aliimalizia baadaye. Mwishoni mwa korasi hiyo Morell aliandika kwamba analoagiza Mungu ni sawa. Handel akaweka kwamba lolote lililopo ni sawa. Isikilizeni kwa spika za masikioni, taa imezimwa. Waamuzi 11 isomeni kabla, msifuatishe kwa kidole kama somo la Jumapili.

Dhana: ni ibada. Ilianza kuimbwa tarehe 26 Februari 1752 Covent Garden, jumba la maonyesho, wakati wa Kwaresima, kwa tiketi.

Dhana: redioni tunakosa maigizo. Hakuna maigizo. Mwaka 1732 Askofu wa London aliwakataza waimbaji wa kanisa la mfalme kuigiza *Esther*, oratorio ya Handel, jukwaani, naye akaipiga bila kuigiza, na oratorio zake zikaendelea hivyo. Tena kwa redio ndiyo zinafaa zaidi.

Dhana: resitativo, yaani sehemu zinazoimbwa kama mtu anayeongea, ni maneno ya kupitisha muda, subiri korasi. Hii nayo! Kisa kinatembea humo humo. Sauti ya tatu wangu mmoja huenda kuinjika chai resitativo zikianza. Juzi aliporudi na kikombe, Yeftha alishakubali kumtoa mwanawe na kusambaratika kabisa, noti baada ya noti, yeye akaniuliza mbona ghafla korasi ina huzuni.