Maji ya kijani, ndevu nyeusi na uongo tunaoambizana kuhusu mwani wa kwenye tanki

Kwanza tuelewane kwenye jina. Nikisema mwani hapa sizungumzii ule wa Paje na Jambiani ambao akina mama wanaufunga kwenye kamba baharini kisha wanauanika, ule ni wa maji chumvi na ni pesa. Nazungumzia ukijani wa kwenye tanki la samaki la maji baridi lenye mimea, wengine wanauita koga, wengine ukungu, mke wangu anauita "ule uchafu wako". Nina tanki la lita 120 sebuleni hapa Dar, huu mwaka wa sita, na miaka miwili ya mwanzo niliishi kwa ushauri wa kusikiasikia, na karibu wote ulikuwa nusu kweli nusu uongo, ambao ndio mbaya zaidi maana ile nusu ya kweli ndiyo inayokufanya uendelee kuharibu.

"Maji yakiwa ya kijani mwaga yote, anza upya"

Hii niliifanya mara tatu ndani ya wiki mbili. Namwaga, nasugua kokoto kwa brashi, naosha filta kwa maji ya bomba mpaka sponji inang'aa, najaza. Siku mbili maji safi unaweza kuyauza kwenye chupa, siku ya tano supu ya mchicha. Mara ya tatu niliamka nikakuta samaki wangu saba, magapi, wanaelea.

Kumbe maji ya kijani sio uchafu ulioingia, ni viumbe hai vya seli moja, mamilioni, akina Chlorella na yule Euglena tuliyekuwa tunamchora kidato cha pili na kamkia kake. Wanajigawa. Chukulia kila mmoja anajigawa mara moja kwa siku, ukimwaga maji yote ukabakiza hata asilimia 5 kwenye mchanga na kwenye majani, siku ya tano wamerudi idadi ile ile. Na ile filta niliyoing'arisha kwa maji yenye klorini ndio nilikuwa naua bakteria wote wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitreti. Kwahiyo amonia inapanda, na amonia pamoja na mwanga mwingi ndio mbegu yenyewe ya maji ya kijani. Yaani nilikuwa napalilia halafu nashangaa inaota!

Kilichosaidia ni giza. Badilisha nusu ya maji (yale mapya yawe yametolewa klorini), zima taa, funika tanki lote kwa blanketi zito siku nne, pampu ya hewa iendelee kufanya kazi, chakula usiweke au weka kidogo sana, na usichungulie, hapo kwenye kuchungulia ndipo watu wengi wanaharibu. Siku ya nne funua, badilisha nusu tena maana wale waliokufa wameanza kuoza na wenyewe wanatoa amonia. Mimea ina akiba, itavumilia, mimi Vallisneria ilipoteza majani machache tu. Mwenye hela anunue taa ya UV ya kupitishia maji, inamaliza kazi bila blanketi.

Ukitaka kuamini nguvu ya giza angalia simtanki jeusi la juu ya nyumba na ndoo nyeupe ya uani. Maji yale yale, lile jeusi linakaa miezi halina kijani, ndoo wiki moja tu pembeni panateleza.

"Mwani unaletwa na mbolea"

Hii ndio yenye mizizi mirefu kuliko zote na haikutoka hewani. Mwaka 1996 Paul Sears na Kevin Conlin waliandika makala kuhusu kudhibiti mwani kwenye matanki ya mimea, wazo lao lilikuwa ukiibana fosfeti, kirutubisho kimojawapo cha kwenye mbolea, mwani utakosa chakula, mimea ikipewa vingine vyote itashinda. Watu wakashika fosfeti kama adui. Baadaye akaja Tom Barr wa Marekani, yeye akawa anatia fosfeti makusudi kwenye tanki lililojaa mimea yenye afya, na mwani hautokei. Mfumo wake unaojulikana kama Estimative Index unaruhusu naitreti hadi miligramu 30 kwa lita na fosfeti 1 hadi 2, halafu kila wiki unabadilisha nusu ya maji ili visirundikane.

Mimi nilisikia ile ya kwanza tu, ya pili sikuisikia. Nikaacha mbolea mwezi mzima. Majani ya zamani yakawa njano yenye matobo, ncha zikaacha kukua, na Anubias ambayo inakua polepole kama kobe ikajaa vidoti vigumu vya kijani ambavyo hata kucha haivitoi. Hivyo vidoti mara nyingi ndio dalili ya fosfeti kuwa CHINI. Mmea wenye njaa unavujisha sukari na taka zake kwenye maji, jani linalokufa linageuka kitanda, na mwani unahitaji chakula kidogo mno kiasi kwamba huwezi kuunyima bila kuiua mimea kwanza.

Sasa kuna jamaa aliniuliza, mbona Ziwa Victoria kule Ghuba ya Winam maji yanakuwa kijani kwasababu ya mbolea za mashambani na majitaka? Swali zuri na ni kweli kabisa. Ila angalia kitu kingine kilichojaa kwenye ghuba hiyo hiyo, magugu maji! Chakula kile kile kinalisha mwani na kinalisha mmea, kwahiyo chakula peke yake hakiamui nani anashinda. Magugu maji majani yake yako juu hewani, kaboni dayoksaidi anaichukua bure huko, jua analo lote, na akitanda anawazibia mwanga wa chini. Ndio maana kwenye tanki changa mimi nawaambia watu weka mimea inayoelea, ile yenye umbo la kabichi ndogo inatosha, inakula amonia haraka na inatia kivuli. Ikizidi itoe ikaushe juani, USIITUPE mtaroni wala mtoni, tumeona magugu maji yanafanya nini ziwani.

Kwahiyo siku hizi nikiingia sebuleni siangalii mwani kwanza, naangalia ncha za mimea. Ncha zikiwa zinatoka mpya na rangi nzuri, mwani uliopo ni wa kufuta kwa kadi ya benki iliyoisha muda. Ncha zikiwa zimesimama najua kuna kitu kimekatika, nianze kutafuta ni mwanga, ni hewa au ni chakula.

"Mimea inapenda jua, weka tanki dirishani"

Jua la Dar ni masaa kumi na mbili mwaka mzima, hakuna mmea wa ndani ya lita 120 unaoweza kulitumia lote. Mwanga ndio unaoamua mmea utadai kaboni dayoksaidi na mbolea kiasi gani, ukiuzidisha bila kuzidisha hivyo vingine ni kama kukoleza moto kwenye wali uliokauka maji, hauivi haraka, unaungua. Masaa 6 hadi 8 ya taa yanatosha, tanki jipya anza na 6.

Na hapa kuna kitu kimoja sijawahi kuona mtu anakisema. Ile taima ya kuzunguka ya kuchomeka ukutani, umeme ukikatika na yenyewe inasimama, umeme ukirudi inaendelea ilipoachia. Mgao wa masaa matatu leo, mawili kesho, baada ya wiki mbili taa yangu ilikuwa inawaka saa tano usiku inazima alfajiri, juu ya hapo mchana dirisha linamwaga mwanga. Samaki walikuwa hawana usiku kabisa. Nilihangaika na dawa mwezi mzima kumbe ni taima! Chukua ya kidijitali yenye betri ndani, au jizoeshe kuisogeza kila umeme ukirudi.

"Ndevu nyeusi zinaletwa na maji machafu"

Wale mnaoziona kwenye ncha za majani na kwenye bomba la filta, vishungi vyeusi kama ndevu za mzee, ile kwa ukoo ni mwani mwekundu japo kwa macho ni mweusi. Uchafu unachangia ndio, ila kwa wenye mimea sababu inayotajwa na kurudiwa zaidi ni kaboni dayoksaidi inayopanda na kushuka. Na sisi tunaotengeneza hiyo gesi wenyewe kwa chupa ya hamira na sukari ndio wahanga wakubwa. Kwa joto letu hamira inachemka kama pombe ya ngomani siku nne za kwanza, mapovu kibao, mimea inafurahi, siku ya nane kimya. Wiki nyingine unatengeneza upya. Mmea hauwezi kuzoea maisha ya namna hiyo, bora usiweke kabisa na upunguze taa, au uwe na chupa mbili unazozibadilisha kwa kupishana ili moja ikichoka nyingine iko katikati.

Zilizokwisha ota: toa jani lililojaa. Kwenye jiwe au gogo zima filta, chukua haidrojeni peroksaidi ya famasi ya asilimia 3, bomba la sindano, nyunyiza taratibu juu yake, jumla isizidi mililita 1 kwa kila lita 4 za tanki, subiri dakika chache washa filta. Zikigeuka pinki au nyekundu zimekufa. Ila sababu usipoigusa zitarudi.

"Nunua yule samaki wa kufyonza vioo, atamaliza"

Akiwa dukani ana sentimita tano na sura ya huruma. Pleko wa kawaida anafika sentimita 30 na zaidi, akikua anapenda chakula cha kudondoka kuliko mwani, na mavi yake ni kamba ndefu unaziona zinaning'inia. Umeongeza kiwanda cha amonia. Na hakuna samaki hata mmoja anayekula maji ya kijani yakaisha kwenye tanki la mapambo, msidanganyike.

Wanaofanya kazi ni wadogo. Kuna uduvi wa Amano, ulipewa jina la Takashi Amano, mpiga picha wa Japani aliyefariki 2015, yeye ndiye aliyekuwa anawaweka wengi wengi kwenye matanki yake kula mwani wa nyuzi. Kuna konokono wa jamii ya nerite, na huyu ni wa kwetu, mmoja wanaomuuza sana nje ya nchi anaishi kwenye mikoko ya pwani hii ya Afrika Mashariki. Anakwangua kioo vizuri ajabu, kero yake ni mayai meupe anayoyabandika kila mahali ambayo hayaanguliwi kwenye maji baridi.

Lakini sikiliza, usichukue konokono yeyote mtoni, bwawani au ziwani ukamtia kwenye tanki. Konokono wa maji baridi ndio wanaobeba kichocho, na we kila wiki unatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Sio mzaha huo.

"Tia jiki kidogo" na ndugu yake "tia mrututu (kopa salfeti)"

Jiki ndani ya tanki lenye samaki ni kuua, tusipoteze muda. Mrututu kweli unaua mwani, na unaua konokono pia (ulishawahi kutumika kuua konokono wa kichocho), na unaua uduvi wote, na baadhi ya mimea. Halafu mwani wote ukifa siku moja unaoza siku moja, maji ya joto ya nyuzi 30 tayari yana oksijeni kidogo, asubuhi unakuta samaki wako juu wanahema.

Na mwani wa kahawia kama vumbi la kakao kwenye tanki la mwezi wa kwanza? Ni dayatomu. Futa, subiri, unaondoka wenyewe. Watu wanavunja matanki mazima kwasababu ya huyu.

Halafu kuna ule wa kijani kibichi cha bluu unaotanda kama shuka juu ya mchanga, ukiuvuta unatoka kipande kizima na unanuka udongo uliooza. Huo sio mwani, ni bakteria, ndio maana watu wanatia erithromaisini na inafanya kazi. Mimi sikushauri, antibayotiki ni za wagonjwa. Nyonya shuka lote kwa mpira, ongeza mzunguko wa maji pale kwenye kona iliyolala, siku nne za giza.

"Tanki lenye mwani samaki watakufa"

Shemeji yangu anafuga sato, bwawa la udongo. Siku moja kaja, kaona nimefunika tanki kwa blanketi, nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini. Yeye anatia samadi ya kuku ILI maji yawe ya kijani! Anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, vidole visipoonekana ndio anajua chakula kipo, vikionekana anaongeza samadi. Anachoogopa yeye ni kijani kikizidi sana, maana usiku mwani nao unavuta oksijeni na alfajiri samaki wanakuja juu. Na wale wanaofuga Tropheus wa Ziwa Tanganyika, kuna wanaoacha taa iwake muda mrefu makusudi mawe yaote koga samaki wapate cha kukwangua, kama walivyozoea kwao Kigoma.

Mimi kwangu jiwe la nyuma kulia limeota nywele za kijani na nimeliacha. Zikirefuka nazisokota kwa mswaki wa zamani kama tambi kwenye uma, zinazobaki ni za konokono. Mke wangu bado anaita uchafu.