Oda ya hoteli na mikate inayododa

Mwenye tanuri la mikate akipata oda ya hoteli hufurahi kuliko akipata ya shule. Sisi tunaofundisha ugavi humwomba apige hesabu kwanza.

Chukua mfano huu wa darasani. Shule ya bweni inachukua mikate 100 kila siku, na kila mkate unakuachia faida ya shilingi 150. Hoteli inakuachia 300, na kwa wastani nayo inachukua 100. Ila wastani huo hautokei hata siku moja: kukiwa na semina wanataka 160, isipokuwepo 40, na wewe unajua guta likishafika mlango wa jikoni. Mkate ukidoda, hasara ni 700.

Shule inakupa 15,000 kwa siku. Hotelini ukipeleka 160, siku nzuri unapata 48,000, siku mbaya unapoteza 72,000. Semina zikiwa nusu ya siku zote, wastani ni hasara ya 12,000. Ukipeleka 40 tu unapata 12,000, pamoja na manung'uniko ya meneja.

Basi hoteli tuiache? Wengi huishia hapo. Lakini tuseme njia ya kurudi ina maduka na mama ntilie wanaochukua mabaki kwa bei ya chini, hasara ya kila mkate ikashuka hadi 200. Siku mbaya sasa inakugharimu 12,000, nzuri ni zilezile 48,000, wastani faida ya 18,000. Shule imepitwa. Hoteli ni ileile, umeipatia majirani tu.

Maduka yenyewe yana siri yake. Yakiwa 16, kila moja likiyumba, yaani oda yake ikipanda au kushuka, kwa mikate kama 5 kwa sababu zake lenyewe, mzigo wote hauyumbi kwa 80. Unayumba kwa kama 20, yaani 5 mara kipeuo cha pili cha 16, kwa kuwa anayepunguza leo hufidiwa na anayeongeza. Shule 16 hazikupi nafuu hiyo: likizo ya Juni zinafunga pamoja.

(Anayechukua kwa mali kauli, yaani kulipa akishauza, mhesabu peke yake. Faida iliyo daftarini hainunui unga.)

Na kama njia yako haina pa kumalizia mabaki, iambie hoteli kwamba mikate 40 ni ya uhakika. Ikitaka zaidi, ipige simu kabla unga haujakandwa.