Mitaa ya weusi na weupe Marekani haikujitenga yenyewe

Kuna ujumbe unaozunguka miaka nenda miaka rudi kwenye magrupu ya WhatsApp: eti Wamarekani weusi na weupe huishi mitaa tofauti kwa sababu kila mtu hupenda kukaa na wenzake. Si kweli. Wapo wanasosholojia waliotumia maisha yao yote ya kazi kulichunguza jambo hili.

Miaka ya 1930, serikali ya shirikisho ilichora ramani za miji zaidi ya 200. Karibu kila mtaa wa weusi ulipakwa rangi nyekundu, yaani kukopesha huko ni hatari. Hati nyingi za nyumba nazo zilikataza kumuuzia mtu mweusi. Mahakama ziliacha kutekeleza masharti hayo mwaka 1948, na sheria dhidi ya ubaguzi wa makazi ikaja 1968. Aliyenyimwa mkopo alikosa nyumba ya kuwarithisha wanawe, na hiyo ni sababu mojawapo ya pengo la mali hadi leo.

Kuhakiki ni rahisi: ramani hizo zipo mtandaoni bure. Zilinganishe na takwimu za sensa.

Mkanganyiko unaeleweka. Kusini kulikuwa na vibao vya "Weupe tu"; kwenye miji ya kaskazini kama Chicago na Detroit ubaguzi mwingi wa makazi ulikaa ndani ya makaratasi, haukuonekana kirahisi barabarani. Na kweli wapo wanaopenda kuishi karibu na ndugu zao, ila hilo halielezi mwenye pesa aliyekataliwa nyumba.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Aliyekutumia, mrudishie ramani ya mji mmoja tu.