GLP-1 ni nini, na dawa zake zina uhusiano gani na ubongo wa mzee?

Ukila, hata kama ni kipande cha muhogo na chai ya rangi, utumbo wako hutoa taarifa. Seli zilizo kwenye ukuta wake humwaga katika damu homoni inayoitwa GLP-1. Homoni hii huichochea kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na hupeleka habari kwenye ubongo kwamba umeshiba. Kisha hutoweka. Ndani ya dakika chache tu mwili umeshaivunjavunja, ndiyo maana haiwezi kutumika kama dawa ikiwa vilevile ilivyo.

Tunaposema "dawa za GLP-1" tunakusudia dawa zinazoiga homoni hiyo lakini zikadumu mwilini. Chanzo cha ya kwanza kinashangaza: mate ya mjusi mwenye sumu aitwaye Gila, anayeishi katika majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Daktari John Eng wa New York aliikuta kwenye mate hayo kemikali inayofanya kazi kama GLP-1 lakini isiyovunjika upesi. Kutokana nayo ikapatikana eksenataidi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005. Zikafuata liraglutaidi na semaglutaidi, hii ya mwisho ikiuzwa kwa jina la Ozempic kwa wenye kisukari na Wegovy kwa wanaotibiwa unene. Hizo ndizo watu wanazoziita kwa mkato "sindano za kupunguza mwili", ingawa semaglutaidi ipo pia ya vidonge.

Sasa ubongo unaingiaje hapa? Kwanza, vipokezi vya GLP-1, yaani sehemu za seli ambazo homoni hiyo hunasa ili ifanye kazi, vimo ndani ya ubongo wenyewe, hasa sehemu zinazosimamia njaa na kichefuchefu. Pili, na hili kwangu ndilo zito zaidi, kisukari aina ya 2 huuchosha ubongo mwaka hadi mwaka. Huharibu mishipa midogo ya damu, huongeza hatari ya kiharusi, na huongeza hatari ya dimenshia, yaani ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri ambao sisi tumezoea kuuita uzee tu. Jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayochangia dimenshia na yanayoweza kurekebishwa. Kisukari, shinikizo la damu na unene wa umri wa makamo yamo. Basi dawa inayoshusha sukari, uzito na presha kwa pamoja lazima iamshe matumaini.

Matumaini hayo yalipata nguvu mapema mwaka 2025. Watafiti walipitia kumbukumbu za matibabu za wanajeshi wastaafu wa Marekani wenye kisukari, karibu milioni 2, wakaona kwamba waliotumia dawa za GLP-1 walipata ugonjwa wa Alzheimer, aina ya dimenshia inayoonekana zaidi, kwa kiwango kidogo kuliko wenzao waliotumia dawa nyingine, pungufu kama asilimia 12. Walikuwa pia na matatizo zaidi ya tumbo na ya viungo. Lakini kumbukumbu za hospitali hazituambii kwa nini huyu alipewa dawa hii na yule akapewa ile. Anayepewa dawa mpya ya bei kubwa huenda tayari alikuwa na afya bora au daktari anayemfuatilia kwa karibu. Ili kujua, ni lazima watu wagawanywe kwa bahati nasibu, nusu wapewe dawa na nusu vidonge vitupu, yaani visivyo na dawa ndani.

Jaribio la namna hiyo limefanyika. Majaribio mawili pacha, EVOKE na EVOKE+, yaliwachukua watu 3,808 wenye umri wa miaka 55 hadi 85 waliokuwa katika hatua za mwanzo za Alzheimer, wakapewa semaglutaidi ya vidonge au vidonge vitupu. Novemba 2025 kampuni ya Novo Nordisk, inayotengeneza semaglutaidi, ikatangaza matokeo: baadhi ya vipimo vya kimaabara vilionyesha nafuu, lakini ugonjwa haukupungua kasi. Waliomeza dawa walizidi kusahau sawa na wasioimeza. Kwa ugonjwa wa Parkinson nako, ule wa ubongo unaoleta kutetemeka na ugumu wa kutembea, eksenataidi ilijaribiwa Uingereza kwa karibu miaka 2, nayo haikuuzuia kuendelea.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya maneno. Kukinga ubongo wa mtu wa miaka 50 mwenye kisukari ni jambo moja. Kumrudisha mzee ambaye ameshaanza kupotea njia ya kwenda msikitini ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili limejaribiwa na halikufanikiwa. La kwanza bado halijathibitishwa kwa jaribio la kugawa watu, na anayekuuzia sindano kwa ahadi ya kumbukumbu anauza kisichokuwepo.

Nami ninajali zaidi dawa ambazo tayari zimo kwenye mikebe ya wazee wetu. Alfajiri moja mama yangu mkubwa alimwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Kanga imelowa jasho, mikono inatetemeka, anasisitiza kwamba jahazi limefika na watu wakapokee mizigo. Jirani akasema ni uzee. Binti yake akakumbuka kwamba usiku ule mama alimeza kidonge chake cha kisukari, glibenklamidi, na hakugusa chakula. Akamkorogea maji ya sukari, akamnywesha kidogo kidogo, na baada ya robo saa mama akauliza kwa nini watu wote wamejaa chumbani kwake.

Ule haukuwa uzee, ilikuwa sukari kushuka. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu moja ya tano ya nguvu yake, na hauna ghala la sukari la kutegemea. Kushuka vibaya mara kwa mara kumehusishwa na dimenshia kwa wazee. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linasema wazi kuwa glibenklamidi haiwafai waliozidi miaka 60. Dawa inayopendekezwa katika kundi hilohilo la dawa za kisukari ni gliklazidi. Muulize daktari wa mzee wako, lakini usimwachishe dawa kwa uamuzi wako.

Mzee akipungua mwili bila kukusudia, usimpongeze. Huenda anapoteza misuli, na wakati mwingine kukonda hutangulia dimenshia kwa miaka.

Na metformini, dawa ya kisukari ambayo wengi wanaimeza kwa miaka, inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Upungufu huo huleta ganzi ya miguu, uchovu na usahaulifu unaofanana sana na dimenshia. Hugunduliwa kwa kipimo cha damu, na ukiwahiwa hutibiwa kwa sindano au vidonge vya vitamini hiyohiyo.