Je, wajua kwa nini ndege za abiria ziliacha kutua Eastleigh?

Ukipanda matatu ya 6 ama 9 kuingia Eastleigh, kichwani una maduka, nguo na ile foleni ya Jam Street, mambo ya ndege hayako kabisa. Lakini angalia wadi za Kamukunji, moja inaitwa Airbase, na kuna shule ya msingi inaitwa Eastleigh Airport. Airport gani sasa? Ya Nairobi. Kabla ya Embakasi, yaani uwanja mkuu wa leo, JKIA, mtu akitoka London na ndege kubwa alikuwa anashukia hapo.

Kwanza kuna wakati ndege kubwa hata hazikuwa zinafika Nairobi yenyewe. Zile za shirika la Uingereza, Imperial Airways, za kutua majini zilikuwa zinashukia Kisumu, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia za BOAC, shirika lililolirithi, zikawa zinatua Ziwa Naivasha, abiria wanatolewa majini wanaingizwa kwa basi wanapanda bonde hadi mjini. Mwaka 1950 BOAC ikaachana na hizo ikaleta Hermes, ndege ya magurudumu, ikitua Eastleigh, uwanja ambao ulikuwa pia kambi ya jeshi la anga la Uingereza. Tarehe 1 Februari 1952 Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, na mumewe Philip walishukia hapo hapo, na kufikia tarehe 6 babake ameshafariki na yeye ni malkia.

Sasa mbona uwanja wa maana hivyo ukafungiwa raia miaka sita tu baadaye?

Sababu kubwa ni mahali Nairobi ilipo. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na hewa ya huku ni nyepesi, kama asilimia 15 chini ya ile ya Mombasa. Bawa linabebwa na hewa, hewa ikipungua ndege lazima ikimbie kasi zaidi chini ndio inyanyuke, na injini nayo inavuta hewa hiyo hiyo nyepesi kwa hivyo nguvu zake zinashuka wakati ndio unazihitaji, na jua la saa saba likiwaka inakuwa mbaya zaidi. Dawa ni njia ndefu ya kurukia. Ndio maana leo njia ya JKIA ni mita 4,117 na ile kubwa ya Mombasa ni mita 3,350, hakuna mtu alikuwa anajenga kwa sifa.

Ndege za propela Eastleigh iliziweza. Jeti zilikuwa habari nyingine, na tarehe 2 Mei 1952 Comet ya BOAC ilipoanza safari za London hadi Johannesburg, za kwanza duniani za jeti ya abiria, huku kwetu ilikuwa inasimama Entebbe, Nairobi ikarukwa. Hebu fikiria mji mkuu wa koloni lote unarukwa! Kurefusha Eastleigh pia haikuwa rahisi, mitaa ilikuwa inazidi kusogea, ndio macho yakaenda Embakasi kwenye tambarare tupu.

Na hapa naomba tusipite haraka, manake hii ndio sehemu watu wengi hawaambiwi. Embakasi ilijengwa na wafungwa wa Mau Mau, watu waliofungiwa kambini na kulazimishwa kuvunja mawe na kusawazisha ardhi, kwa mikono. Kila mtu anayeshuka JKIA angefaa kulijua hilo, na mimi naona lingeandikwa pale ukutani kwa herufi kubwa. Mama yake Malkia ndiye alikuwa aje kufungua, akacheleweshwa Australia, kwa hivyo tarehe 9 Machi 1958 Gavana Evelyn Baring akafungua mwenyewe.

Eastleigh ikabaki ya jeshi. Mwaka 1964 jeshi la anga la Kenya likaanzishwa na kuirithi, na siku hizi ni Moi Air Base. Embakasi nayo ilipata hayo hayo, mwaka 1978 jengo jipya la abiria lilifunguliwa upande wa pili wa njia ya kurukia, na lile la 1958 wakaingia wanajeshi wa anga. Baadhi ya wale waliojaribu kupindua serikali tarehe 1 Agosti 1982 walitokea kambi hizo mbili, Eastleigh na Embakasi.

Kuingia huwezi, ni eneo la jeshi. Lakini fungua ramani ya setilaiti kwa simu, utaona ile njia ya kurukia bado iko pale, Eastleigh upande mmoja, Huruma mwingine, nyumba zimeibana pande zote.