Jinsi kutaka kunavyozaa wakati ujao

Katika isimu, jambo linalonivutia kuliko mengine ni kwamba maana za maneno hupita njia zilezile hata katika lugha zisizo na udugu. Mfano mzuri tunao vinywani mwetu. Kiambishi -ta- cha wakati ujao kimetokana na kitenzi taka, na ushahidi umo katika urejeshi, yaani umbo lenye maana ya "ambaye": tunasema "atakuja", lakini pia "atakayekuja", ambamo taka ya kale imebaki nzima, bila kumegwa hata silabi. Kigiriki nacho kiliunda neno lake la wakati ujao, tha, kutokana na thelo, yaani nataka, na Kiingereza kilifanya vivyo hivyo kwa kitenzi chake cha kutaka.

Sababu, kwa maoni yangu, iko kwa msikilizaji. Mtu akisema anataka kwenda Kibaigwa kununua mahindi, anayemsikia hukisia kwamba safari ipo, na makisio hayo yakirudiwa vizazi kwa vizazi hugeuka kuwa maana yenyewe, huku hiari ikififia. Tunalishuhudia jambo hilo upya leo, kwani wakazi wa Dodoma wakitazama wingu zito husema "mvua inataka kunyesha", na hakuna anayedhani kwamba mvua ina utashi. Safari ya kinyume, yaani alama ya wakati ujao kugeuka kitenzi cha kutaka, ni nadra mno.

Hata hivyo, kufanana si ushahidi wa kutosha. Kigogo na Kirangi vikifanana na Kiswahili, huenda ni urithi tu, kwa kuwa zote ni lugha za Kibantu. Kondoa inatupa ulinganisho mgumu zaidi, maana Kirangi kinapakana na Kiburunge, ambacho ni cha familia ya Kikushi, si ya Kibantu, na Kisandawe chenye vidoko, yaani sauti za kufyatua ulimi. Lakini majirani hukopeshana maneno, na mkopo nao hufanana na sheria ya jumla. Ndiyo maana nauthamini utafiti wa mwaka 2016 uliolinganisha lugha 81 za pembe mbalimbali za dunia kwa dhana 22, zikiwemo jua, mwezi, maji na jiwe. Ulibaini kwamba maana zinazoelekea kushirikiana neno moja zina mpangilio wa namna moja, bila kujali mazingira ya wasemaji wala kama lugha yao ina fasihi andishi.