Kutoonekana sio kutofikika: dhana potofu za kushea mafaili kati ya sabneti mbili

Tuanze na ile dhana mama. Mtu anafungua dirisha la Network kwenye Windows, haoni ikoni ya kompyuta iliyo sabneti ya pili (sabneti ni kipande cha mtandao chenye anwani zake, rauta ndiyo inayokiunganisha na kingine), anahitimisha kwamba mtandao umekatika au kushea kumekufa. Hapana. Kuonekana ni kazi moja na kufikika ni kazi nyingine, na hizo kazi mbili zinapita njia tofauti. Ile orodha ya ikoni inatokana na matangazo, yaani kila mashine inapiga kelele "jamani nipo hapa", na kelele hizo ni brodikasti (kwa wote) na malitikasti (kwa kundi) za humo humo ndani, rauta kwa kawaida haizivushi. Ila faili lenyewe linasafiri kwa SMB, lugha ya Windows ya kushea mafaili, juu ya TCP poti 445, hayo ni mazungumzo ya anwani moja na anwani nyingine, rauta inayapitisha kama kuna njia na hakuna aliyeyazuia. Kwa hiyo wewe uko sabneti ya 192.168.1.0, seva iko 192.168.2.10, dirisha la Network tupu kabisa, andika tu \\192.168.2.10 pale juu kwenye sehemu ya anwani, piga Enter, na mara nyingi mafolda yanatokea hapo hapo. Yakishatokea mapu draivu (folda ipewe herufi yake kama Z:) kwa hiyo anwani na usahau habari za ikoni.

Na kabla hujagusa kitu soma namba ya kosa, watu wanairuka sana hii. Kosa 53, au lile 0x80070035, maana yake njia ya kufika haikupatikana, hapo tafuta jina, rauta au fayawoli (ukuta unaochuja mawasiliano). Ila ukiona 5 au 1326 shukuru, mtandao umeshapita tayari, kilichobaki ni ruhusa, jina la mtumiaji na paswedi. Mtu ana kosa la 5 halafu anashinda siku nzima kwenye rauta!

Dhana nyingine: "pingi (kile kijaribio cha kuuliza mashine kama ipo) haijibu kwa hiyo rauta haipitishi". Hii ndo inapoteza muda wa watu kuliko zote na sababu yake imejificha vizuri. Fayawoli ya Windows ina kundi la sheria linaloitwa File and Printer Sharing, na kwenye profaili ya Private, yaani mtandao uliouambia Windows unauamini, sheria hizo, pamoja na ile ya pingi, zinakuja zimewekewa Local subnet, yaani mashine inawajibu majirani wa sabneti yake tu, mtu wa sabneti nyingine akibisha anaachwa mlangoni kimya kimya bila hata kuambiwa hapana. Ndo maana unasikia "mbona jirani yake anaiona freshi tu mimi siioni", halafu wanabadilisha rauta na kebo bure. Kwenye profaili ya Domain, yaani mtandao wa ofisi wenye seva inayosimamia akaunti zote, sheria hizo hazina mpaka huo, kwa hiyo ofisi yenye domain inaweza kukaa miaka bila kukutana na hili, na ofisi ndogo isiyo na domain inakutana nalo siku ile ile inapogawa mtandao.

Dawa yake, kwenye mashine yenye mafaili andika wf.msc, nenda Inbound Rules, tafuta File and Printer Sharing (SMB-In) yenye profaili ya Private, fungua, kwenye Scope ongeza 192.168.1.0/24 (yaani anwani zote za 192.168.1.x) upande wa Remote IP address. Ongeza sabneti yako tu, usiweke Any, hasa kama ni laptopu inayotembea tembea kwenye waifai za watu. Angalia pia mtandao wenyewe haujawekwa Public. Kama kuna antivairasi yenye fayawoli yake basi na hiyo ina sheria zake, ya Windows unaweza kuirekebisha mpaka kesho isibadilike kitu. Na kupima usitegemee pingi, pingi inaweza kujibu na poti 445 imefungwa, au isijibu na 445 iko wazi. Fungua PowerShell andika Test-NetConnection 192.168.2.10 -Port 445, kama TcpTestSucceeded ni True basi njia ipo, acha kulaumu rauta.

Halafu kuna ushauri unaozunguka kila mahali: "washa SMB1, kompyuta zote zitaonekana" (SMB1 ni toleo la kwanza kabisa la SMB). Huu binafsi unanikera. Ni kweli kwamba orodha ya zamani ilikuwa kazi ya huduma ya Computer Browser ambayo ilitegemea SMB1 na NetBIOS (mfumo wa zamani wa majina ya kompyuta), na kuanzia Windows 10 toleo la 1709 la mwaka 2017 SMB1 haiji tena kwa chaguo-msingi ukiinstoli upya. Lakini hiyo SMB1 ndo mlango ule ule kirusi cha WannaCry kiliingilia Mei 2017. Na hata ukikubali kubeba hatari hiyo hupati unachokitafuta, kwa sababu mfumo wenyewe ulikuwa unachagua kinara mmoja kwa kila sabneti, anatunza orodha ya sabneti yake basi, na workgroup ya kawaida (kundi la kompyuta zisizo na domain) haikuwa na wa kuziunganisha hizo orodha. Ilihitaji domain, mkuu wa vinara wote, na seva ya WINS (daftari la majina ya NetBIOS) ili vinara wapatane majina. Hata hapo orodha ilikuwa inachelewa vibaya, mashine inajitangaza kila baada ya dakika 12 na haifutwi mpaka ikose kujitangaza mara tatu, kwa hiyo unaweza kuona ikoni ya mashine iliyozimwa zaidi ya nusu saa nzima. Ndo mnaotaka kuirudia hii?

Kwa kujitangaza, Windows za sasa zinatumia WS-Discovery, UDP poti 3702, Mac na Linux zinatumia mDNS, UDP 5353, na zote zimetengenezwa kwa ajili ya mtandao wa hapo hapo. Kwa mDNS unaweza kuweka Avahi (programu ya mDNS ya Linux) kwenye mashine iliyounganishwa kwenye sabneti zote mbili ukaandika enable-reflector=yes kwenye mpangilio wake, matangazo yatavushwa. Hiyo haisaidii WS-Discovery, usichanganye.

"Workgroup lazima ifanane jina." Wala. Kufungua folda kunaangalia akaunti na paswedi.

IP inafungua ila jina linagoma? Folda haina tatizo, tatizo ni nani anatafsiri jina kuwa anwani. Ndani ya sabneti moja mashine inauliza tu hewani na mwenye jina anajibu, swali hilo nalo halivuki rauta, kwa hiyo unahitaji DNS (seva inayotafsiri majina kuwa anwani), au kwa mtandao mdogo mstari mmoja kwenye C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts. Ukifanya hivyo ifungie seva anwani yake kwenye DHCP (huduma inayogawa anwani, mara nyingi iko kwenye rauta), isije ikabadilika. Kwa walio kwenye domain ni bora jina kuliko IP, maana ukitumia IP unaangukia NTLM, njia ya zamani ya kuhakiki mtumiaji, badala ya Kerberos, na kuna ofisi wameizima hiyo NTLM.

Kuna wajanja wanaobadilisha maski (namba inayoonyesha sabneti inaishia wapi) kuwa 255.255.0.0 kwenye kompyuta mbili ili "ziwe mtandao mmoja". Hapo umeharibu zaidi. Kompyuta sasa inaamini mwenzake yuko kwenye waya ule ule, inamtafuta kwa ARP (kuuliza hewani "nani mwenye anwani hii?") badala ya kumpa rauta mzigo, na ARP haivuki, kwa hiyo hakuna anayeitika. Acha maski kama ilivyo, kagua getiwei (anwani ya rauta ya kutokea nje), na kagua pande ZOTE mbili. Seva au NAS (kisanduku cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao) iliyowekewa anwani kwa mkono bila getiwei inapokea ombi lako vizuri kabisa, tatizo haijui jibu ilipeleke wapi.

Sasa ile ya "upande mmoja unafanya kazi, mwingine haufanyi, lazima ni Windows". Uliza kwanza kama kuna rauta mbili zimefuatana. Rauta ya pili ikiwa na NAT (inaficha anwani za walio nyuma yake kwa anwani yake moja), waliopo nyuma yake wanawafikia wa mbele, wa mbele hawawafikii wa nyuma, na ndivyo ilivyoundwa. Kama hukuwa na sababu ya kuwa na sabneti mbili, igeuze ya pili iwe akses point (kituo cha waifai tu), zima DHCP yake, ipe anwani ya sabneti ya kwanza isiyotumiwa na mtu, kebo chomeka LAN badala ya WAN, sabneti ya pili imekwisha na matatizo yake. Kama unazihitaji zote mbili, zima NAT kwenye ya pili, ruhusu trafiki kwenye fayawoli yake, na kwenye ya kwanza weka njia ya kudumu ya 192.168.2.0/24 inayoelekea anwani ya WAN ya hiyo ya pili. Ila usije ukafungua poti 445 upande wa intaneti, kwa sababu yoyote ile. Na waifai ya wageni usihangaike nayo, imewekwa makusudi isifike ndani.

VPN, ile njia ya kuunganika na ofisi kupitia intaneti, nayo watu wanaidhania kwamba ukishaunganisha uko ofisini kabisa. Nyingi zinabeba IP tu, brodikasti hazipiti, kwa hiyo Network itakuwa tupu na ni sawa, nenda kwa anwani. Cha kuangalia ni kama nyumbani na ofisini kote mnatumia 192.168.1.0, maana ukiita 192.168.1.10 laptopu inaitafuta hapo hapo nyumbani, haiingii hata kwenye VPN, na hapo hakuna sheria ya fayawoli itakayokuokoa, upande mmoja ubadilishe namba. Na ikiwa folda zinafunguka, vifaili vidogo vinakopi, ila kubwa linaganda, usikimbilie kusema diski ya seva imekufa, kama seva inajibu pingi pima ukubwa wa pakiti: ping -f -l 1472 kwa anwani ya seva, shusha namba mpaka ijibu, ongeza 28, hiyo ndo MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya kuweka kwenye VPN.